Kusomea mipango ya fedha mkoani Singida: vyuo, sifa za kujiunga na matumizi ya elimu hiyo

Na Mwandishi Wetu, Singida

Mkulima wa alizeti mkoani Singida hupokea sehemu kubwa ya mapato yake ya mwaka ndani ya majuma machache baada ya mavuno. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika karibu na Aprili, na kwa kaya nyingi za Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Wilaya ya Singida msimu huo ndio unaoamua fedha zitakazopatikana hadi mavuno mengine. Matumizi hayafuati kalenda hiyo. Mwezi Januari, wakati ghala limepungua na mbegu tayari zimekwisha kufukiwa ardhini, ndipo sare za shule, madaftari na ada za vyuo vinapohitajika kwa pamoja.

Serikali ilianza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na katika mwaka wa fedha 2022/23 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Nafuu hiyo ni kubwa, lakini haikuondoa gharama nyingine za mwanafunzi, wala haihusu ada za vyuo. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Singida una watu 2,008,058, kutoka 1,370,637 waliohesabiwa mwaka 2012. Vijana wanaomaliza kidato cha nne hutafuta chuo cha karibu, na miongoni mwa fani wanazoulizia mara kwa mara ni uhasibu, fedha na usimamizi wa biashara. Makala haya yanaeleza mahali elimu ya mipango ya fedha inapopatikana mkoani na jirani, sifa za kujiunga, mambo yanayofundishwa, na namna elimu hiyo inavyoweza kumsaidia mwananchi ambaye hatarajii kuajiriwa na benki.

Elimu hii ni nini

Mipango ya fedha ni elimu ya kulinganisha fedha zinazoingia na zinazotoka kwa kipindi maalumu, kutenga akiba, kupima gharama ya mkopo kabla ya kuuchukua, kujikinga na hasara kwa njia ya bima, na kuwekeza kiasi kinachobaki. Mwombaji akipitia orodha ya kozi zinazotolewa nchini atakuta kwamba fani hii kwa kawaida haisimami peke yake. Imo ndani ya kozi za uhasibu, uhasibu na fedha za sekta ya umma, usimamizi wa biashara, benki na fedha, au ushirika. Kijana anayesisitiza kutafuta kozi yenye neno “mipango” katika jina lake anaweza kukosa ile inayomfaa, ilhali ipo umbali wa nauli ya daladala kutoka anapoishi.

Jambo jingine linalofaa kuelezwa mapema ni kwamba kutumia huduma za fedha na kupanga fedha ni mambo mawili. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017, na ongezeko hilo limetokana kwa sehemu kubwa na huduma za fedha kwa simu za mkononi. Mtu anaweza kuwa na akaunti katika mitandao mitatu ya simu na bado asijue alitumia kiasi gani mwezi uliopita. Kwa kutambua hali hiyo, Wizara ya Fedha iliandaa Programu ya Taifa ya Elimu ya Fedha kwa Umma ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, ambayo ni sehemu ya utekelezaji wa Mpango Mkuu wa Maendeleo ya Sekta ya Fedha wa mwaka 2020/21 hadi 2029/30. Chini ya programu hiyo wataalamu wamekuwa wakizunguka mikoani, Singida ikiwemo, kukutana na wakulima, wajasiriamali, watumishi na vikundi vya wananchi. Mafunzo ya siku moja uwanjani yana manufaa yake. Anayetaka kuifanya elimu hii kuwa kazi yake, au kuwa mtunza hesabu wa kikundi chake, anahitaji chuo.

Taasisi ya Uhasibu Tanzania, Kampasi ya Singida

Taasisi ya Uhasibu Tanzania, inayofahamika zaidi kwa kifupi TIA, ni taasisi ya umma iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Ilianza kazi kama wakala wa Serikali mwaka 2002, ikichukua nafasi ya Chuo cha Uhasibu cha Dar es Salaam. Mbali na makao yake Dar es Salaam, taasisi ina kampasi mikoani, zikiwemo za Mbeya, Mtwara, Mwanza, Kigoma na Singida. Kampasi ya Singida ndiyo iliyo karibu zaidi na mkazi wa mkoa huu anayetaka kusomea masuala ya fedha kwa ngazi zinazotambuliwa kitaifa.

Mafunzo ya vyuo vya aina hii husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), nayo yamegawanywa kwa ngazi. Ngazi ya 4 ni Astashahada ya Awali, ngazi ya 5 ni Astashahada, na ngazi ya 6 ni Stashahada. Ngazi za 7 na 8 ni za shahada ya kwanza. Mhitimu wa kidato cha nne huanzia ngazi ya 4, na sharti la msingi ni kuwa na ufaulu usiopungua masomo manne yasiyo ya dini. Mhitimu wa kidato cha sita mwenye angalau alama moja ya ufaulu mkuu na moja ya ufaulu hafifu anaweza kuanza moja kwa moja na stashahada. Baadhi ya kozi huongeza masharti, hasa kuhusu Hisabati na Kiingereza, kwa hiyo mwombaji asome sifa za kozi husika katika Kitabu cha Mwongozo wa Udahili cha NACTVET cha mwaka anaoomba, badala ya kutegemea maelezo ya aliyejiunga miaka mitatu iliyopita.

Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi hujifunza kanuni za uhasibu, hesabu za biashara, misingi ya uchumi, mawasiliano na matumizi ya kompyuta. Hapo ndipo anapofundishwa kufungua daftari la fedha taslimu, kuhamishia miamala katika leja, kuandaa urari na hatimaye kutoa mizania. Kadiri anavyopanda ngazi hukutana na bajeti, kodi, ukaguzi, gharama za uzalishaji na usimamizi wa fedha. Masomo hutolewa kwa Kiingereza. Jambo hilo lina athari ambayo wahitimu wengi huigundua wakiwa kazini: msamiati wa uhasibu wanaoujua vizuri kwa Kiingereza wanalazimika kuueleza upya kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika, na wakati mwingine kwa Kinyaturu au Kinyiramba kwa wazee. Mwanafunzi mwenye busara huanza kujizoeza maelezo hayo tangu akiwa darasani.

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi

Kwa asiye na vyeti vya kidato cha nne, au mwenye ufaulu usiofikia masharti yaliyotajwa, mlango upo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi alivyoviona Sweden, na nchi hiyo ilisaidia katika hatua za mwanzo. Vilikuja miaka mitano baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, katika kipindi ambacho Taifa lilikuwa likijiuliza mtu mzima aliyejua kusoma na kuandika ataifanyia nini elimu hiyo. Jibu lililotolewa lilikuwa chuo kilicho karibu na kijiji, kinachofundisha kwa Kiswahili, ambacho mtu huingia kwa haja yake na kutoka na stadi anayoweza kuitumia. Leo nchi ina zaidi ya vyuo 50 vya aina hiyo, vikiwa chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mkoa wa Singida una Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Singida na Chuo cha Msingi kilichopo Mkalama.

Vyuo hivi havitoi stashahada ya fedha. Vinafundisha stadi kama ushonaji, useremala, umeme wa majumbani, upishi, kilimo na ufugaji, na ndani yake huwekwa masomo ya ujasiriamali: kutunza kumbukumbu za mauzo, kutenganisha fedha ya biashara na ya nyumbani, kukokotoa bei ya bidhaa, kuandaa mpango mdogo wa biashara. Wapo wanaoyadharau masomo hayo kwa sababu hayana cheti cha kujitegemea. Kwa fundi cherehani anayeanza na mashine moja mjini Singida au Kiomboi, uwezo wa kujua kama shati moja limemwachia faida baada ya kuhesabu kitambaa, uzi, umeme na kodi ya chumba ndio utakaoamua kama mashine itabaki kuwa yake.

Njia nyingine

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani na huwafaa watumishi na wafanyabiashara wasioweza kuacha kazi. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963 na kupandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2014, ndicho chenye historia ndefu zaidi ya kufundisha watendaji wa vyama vya ushirika. Kwa aliye tayari kusafiri, Dodoma iko umbali wa takribani kilomita 240 kwa barabara ya lami. Huko kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, chenye programu ya mipango ya fedha za maendeleo na uwekezaji, ambayo kwa jina na maudhui ndiyo iliyo karibu zaidi na mada ya makala haya. Chuo cha Elimu ya Biashara na Chuo cha Usimamizi wa Fedha navyo vina kampasi Dodoma. Gharama ya chumba na chakula mbali na nyumbani iingizwe katika hesabu kabla ya kuamua, kwa kuwa mara nyingi huizidi tofauti ya ada kati ya chuo kimoja na kingine.

Mfano wa hesabu inayofundishwa

Ili msomaji aone elimu hii inafanya kazi gani, tuchukue kaya ya kufikirika yenye shamba la alizeti na bustani ya vitunguu. Mwezi Juni inauza alizeti kwa Sh. 1,800,000. Septemba inauza vitunguu kwa Sh. 900,000. Kuku wa kienyeji na mayai huingiza wastani wa Sh. 25,000 kila mwezi, sawa na Sh. 300,000 kwa mwaka. Jumla ni Sh. 3,000,000. Ukigawanya kwa miezi 12 unapata Sh. 250,000 kwa mwezi, na kaya ikiona hivyo itajiona ina uwezo wa kutumia kiasi hicho.

Sasa yawekwe mambo mawili makubwa: Novemba inahitajika Sh. 600,000 ya kulimia, mbegu na vibarua, na Januari inahitajika Sh. 700,000 ya ada ya chuo ya mtoto mmoja pamoja na sare na vifaa vya wadogo zake. Kaya hiyo ikitumia Sh. 250,000 kila mwezi kuanzia Juni, mwishoni mwa Oktoba itakuwa bado na Sh. 1,575,000, na hapatakuwa na dalili yoyote ya hatari. Mwishoni mwa Novemba zitabaki Sh. 750,000; mwishoni mwa Desemba Sh. 525,000. Januari itapungukiwa Sh. 400,000.

Mwanafunzi wa mipango ya fedha hufundishwa kuanza na yale makubwa. Katika Sh. 3,000,000 anaondoa kwanza Sh. 1,300,000 za Novemba na Januari. Zinabaki Sh. 1,700,000, ambazo zikigawanywa kwa miezi 12 ni Sh. 141,000 na kidogo. Hicho ndicho kipato halisi cha mwezi cha kaya hiyo. Ikiishi kwa Sh. 141,000, itavuka Januari ikiwa na Sh. 472,000 mkononi na kufika mwishoni mwa Mei ikiwa na Sh. 8,000. Ni mpango unaokwenda sawasawa lakini hauna nafasi ya ugonjwa, msiba wala mvua kukatika Februari. Mwalimu mzuri hataishia hapo. Atauliza ni wapi akiba ya dharura itatoka: kwenye kuku zaidi, kwenye kuuza sehemu ya alizeti baadaye bei ikipanda, au kwenye kupunguza gharama za sherehe, jambo ambalo kila mtu hulikubali darasani na wachache hulitekeleza nyumbani.

Katika hatua hiyo ndipo yanapoingia masomo ya hifadhi ya mazao, bima na uwekezaji. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliweka msingi wa mkulima kuhifadhi mazao yake katika ghala lililosajiliwa na kupewa stakabadhi inayothibitisha umiliki wake. Mwaka 2023 kampuni za bima zilizindua konsotia ya bima ya kilimo ili kugawana hatari ambayo kampuni moja ilikuwa ikiiogopa. Kwa upande wa akiba, Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana ya mteja wa benki hadi Sh. 7,500,000 endapo benki itafungwa. Kiwango hicho kiliongezwa mwaka 2023 kutoka Sh. 1,500,000. Hatifungani za Serikali, zinazouzwa na Benki Kuu kwa mnada, humtaka mwekezaji aanze na Sh. 1,000,000, wakati mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS hupokea kiasi kidogo zaidi. Kaya ya mfano wetu haijafikia hatua ya kununua hatifungani. Kikundi cha wanawake 30 chenye akiba ya miaka miwili kinaweza kuifikia.

Gharama ya mkopo

Turudi kwenye upungufu wa Sh. 400,000 wa Januari, kwa sababu ndipo kaya nyingi huumia. Mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 20 kwa mwezi atachukua Sh. 80,000 kila mwezi. Mkopo ukilipwa Juni baada ya mavuno, riba peke yake ya miezi mitano itakuwa Sh. 400,000, yaani kaya itarudisha mara mbili ya ilichokopa. Mikopo ya namna hiyo ndiyo wananchi wameipa jina la “kausha damu”. Kwa mkopeshaji mwenye leseni ya daraja la pili, ambaye Benki Kuu ya Tanzania imemwekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, riba ya kipindi hicho hicho isingezidi Sh. 70,000. Hata hivyo, asilimia 3.5 kwa mwezi ni asilimia 42 kwa mwaka, na hakuna zao la Singida linaloweza kuahidi faida hiyo kila msimu. Mkopo halali nao una bei, na elimu ya fedha huanza kwa kuigeuza riba ya mwezi kuwa ya mwaka kabla ya kutia saini.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2019, iligawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana; la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana; la tatu ni vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, yaani SACCOS; na la nne ni vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, kama VICOBA. Madaraja mawili ya kwanza husimamiwa na Benki Kuu yenyewe. Daraja la tatu limekasimiwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na la nne kwa mamlaka za serikali za mitaa, ndiyo maana kikundi cha kijijini husajiliwa halmashauri na si benki. Orodha ya taasisi zenye leseni hutolewa kwa umma na Benki Kuu, na mkopaji anayo haki ya kuiangalia na kudai nakala ya mkataba wake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuyapiga marufuku majukwaa na programu tumizi 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Waliokuwa wamekopa humo walikuwa wakitumiwa ujumbe wa kudhalilishwa, wao na watu waliomo katika orodha ya namba zao za simu.

Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inabaki kuwa ya nafuu kuliko yote: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 ili kurekebisha utaratibu, na ukarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Fedha hiyo hutolewa kwa ajili ya shughuli za uzalishaji. Haikukusudiwa kuziba pengo la ada, na kikundi kinachoigawana kwa ajili hiyo hujikuta hakina biashara ya kulipia marejesho. Maombi mengi hudhoofishwa na andiko la mradi lisilo na hesabu. Hapa mhitimu mmoja wa ngazi ya 4 katika kata anaweza kuwa na manufaa kuliko semina nyingi.

Baada ya masomo

Mhitimu wa astashahada au stashahada anaweza kuomba nafasi za uhasibu msaidizi na karani wa fedha katika halmashauri na taasisi binafsi, au kuendelea na shahada. Anayetoka stashahada kwenda chuo kikuu anahitaji wastani wa ufaulu usiopungua 3.0 pamoja na namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET. Njia ya kitaaluma iko chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972. Bodi hiyo ina mitihani ya ngazi ya mafundi wa uhasibu na ile ya kitaaluma inayoishia kwenye cheti cha CPA. Mitihani hii huweza kufanywa na mtu aliye kazini, akijisomea mwenyewe.

Ajira za Serikali hazitoshi wahitimu wote, na kijana aelezwe hivyo mapema. Soko lisilozungumzwa sana ni la vyama vya ushirika na vikundi. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inavitaka vyama vitunze hesabu na kukaguliwa, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO). Mkaguzi akifika na kukuta vitabu vya chama cha mazao havijaandikwa kwa miezi minane, kinachofuata ni hati isiyoridhisha, wanachama kupoteza imani, na benki kukataa kukikopesha. Chama chenye mtunza hesabu anayelipwa kwa mkataba wa siku chache kwa mwezi hakifiki huko. Kijana mmoja anaweza kuvihudumia vyama vinne au vitano vilivyo katika tarafa moja, pamoja na wakamuaji wadogo wa mafuta ya alizeti ambao kumbukumbu zao nyingi zimo kwenye karatasi za kiberiti na kichwani mwa mwenye mashine.

Kabla ya kulipa ada

Mwombaji athibitishe kwanza kuwa chuo kimesajiliwa na NACTVET na kwamba kozi anayoiomba ina ithibati, kwa kuwa chuo chaweza kusajiliwa bila kila kozi yake kuwa na ithibati. Maombi ya TIA hufanywa kwa mfumo wake wa mtandaoni, na udahili wa ngazi za cheti na stashahada hufunguliwa kwa mihula miwili, wa Machi na wa Septemba hadi Oktoba. Kwa mzazi anayetegemea alizeti, muhula wa pili ndio unaolingana na fedha ya mavuno, wakati ule wa Machi humkuta mikono mitupu. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali pekee. Anayeombwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama anajitambulisha kuwa mtumishi wa chuo, asitume.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele zinazotajwa kwenye mwongozo wake wa kila mwaka. Mwombaji wa kozi za uhasibu na fedha ausome mwongozo huo kabla ya kuweka mkopo katika bajeti yake. Kwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, fomu huchukuliwa chuoni. Anayeishi mbali anaweza kuanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake, ambaye pia ndiye mwenye taarifa za usajili wa vikundi na mikopo ya halmashauri.